Ng'ombe Aliyeachiwa Grizel

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na ukiweza kunijibu kwenye gazeti la Jumamosi hii nitashukuru zaidi, maana mnyapara wa bwana mwenye ardhi anakuja Alhamisi inayofuata, na mimi tangu tumzike mume wangu, wiki sita sasa, sijapata usingizi wa maana. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, unisamehe mwandiko, sikutaka kumpa kazi hii karani wa kanisa kwa sababu yeye ndiye aliyeandika wosia na mdomo wake hauna kifuniko. Tafadhali ufiche majina yetu.

Mimi ni Annis, mjane wa Cuthbert Pickersgill, mkulima wa hapa Ormsdale. Tumeishi pamoja miaka thelathini na mmoja na sikumbuki siku hata moja aliyolala nje bila mimi kujua yuko wapi, isipokuwa zile mara chache alizopeleka kondoo mnadani, na hata hizo sasa nazihesabu upya kwa vidole. Aliugua kifua mwezi wa tisa, na alipoona hali si hali akamwita karani na majirani wawili wa kushuhudia, wakajifungia naye chumbani, mimi nikabaki jikoni nakoroga uji wa shayiri ambao alisema anautamani na wala hakuugusa. Wosia ukasomwa baada ya maziko. Roho kwa Mungu, mwili kwa uwanja wa kanisa, mikate kwa maskini wa parokia, mwanetu Miles shamba na plau na mkokoteni wenye magurudumu ya chuma na maksai wanne, binti yetu kitanda cha chumba cha juu na jozi tatu za mashuka, mimi godoro la manyoya na kabati na kiti changu karibu na moto na haki ya kukaa humu hadi nife, watoto wake wa ubatizo kondoo jike mmoja mmoja, kijana wa plau koti la ngozi, mimi huku naitikia kwa kichwa, yote ya haki kabisa, halafu karani akasoma kwamba Grizel Hebden wa Tolby anaachiwa ng'ombe aitwaye Damson na sufuria dogo la shaba lenye mguu ulioungwa. Kisha akaendelea na msichana wetu wa kukamua, kitambaa cha sufu cha gauni, kana kwamba hakuna kilichosemwa.

Mshauri, mimi Grizel Hebden simjui. Sijawahi kumsikia akitajwa mezani wala kanisani. Tolby ni mwendo wa nusu siku tu, na Damson si ng'ombe wa kutolewa ovyo, nilimlea mwenyewe kwa kumnyonyesha vidole vyangu ndani ya ndoo ya maziwa, na jibini yote tunayouza inatoka kwake.

Siku ya tatu wakaja majirani kuandika orodha ya mali ya marehemu kama ilivyo kawaida, chumba kwa chumba, na mkubwa wao alikuwa Ambrose Tupling, aliyekua pamoja na Cuthbert tangu wakiwinda sungura bila ruhusa. Akalibonyeza godoro langu mpaka likalia.

"Shemeji, hili ni manyoya matupu au mmechanganya na makapi?"

"Lala uone," nikamwambia, na wenzake wakacheka.

Lakini tulipofika jikoni akalinyanyua lile sufuria dogo, akaligeuza, akaupitishia kidole ule mguu ulioungwa, akasema taratibu, "Basi hili ndilo la Tolby."

"Ambrose, huyo wa Tolby ni nani?"

"Aa, shemeji, mimi hapa nimeshika mizani tu."

"Usinizungushe. Unamjua."

"Mtu akishazikwa muache apumzike." Akaanza kuzihesabu nyama zinazokaushwa kwa moshi juu ya meko, na zilikuwa mbili tu.

Miles yeye anasema wosia ni wosia, yuko tayari kumpeleka ng'ombe hata kesho. Nikamwambia angoje, kwa sababu mnyama hatoki zizini hapa mwenye shamba akifa mpaka mnyapara aje kumchagulia bwana wake mnyama mmoja aliye bora kuliko wote, na hilo ni kweli, ndiyo desturi. Ila sasa ndipo ninapofika kwenye aibu yangu. Dada yangu Dorcas alikuja kunifariji, nikamweleza, akaweka kikombe cha bia chini akaniangalia.

"Annis, wewe nawe! Si umfanye Damson awe ndiye bora? Mnyapara akimchukua, yamekwisha. Huyo kimada wa Tolby ataenda kumdai bwana mwenye ardhi?"

"Na farasi wetu wa kijivu je? Kila mtu anajua thamani yake ni ng'ombe wawili."

"Farasi gani? Mimi simuoni. Yuko kwenye matope huko."

Na kweli, mshauri, yuko kwenye matope, nimemhamishia kando ya bwawa, manyoya ya shingoni yamejaa miba, anachechemea kidogo na sijamwita mfua chuma. Damson namlisha maharage na mbegu za kitani, namsugua kwa majani makavu asubuhi na jioni, pembe nampaka mafuta ya bata bukini mpaka zinang'aa. Miles anaona, anaendelea na kazi zake. Na wakati namsugua najikuta namuuliza, "We Damson, Grizel ni nani?" naye anatafuna tu. Mimi ndiye wasii, niliapa nikiwa nimeshika Biblia kwamba nitagawa kila kitu kama kilivyoandikwa, na wivu ninao, nakiri, lakini zaidi ya wivu nataka kujua: ni mzee au kijana, ni mzuri, ana watoto, wanafanana na nani, na kwa nini sufuria lile bovu wakati tunayo mazima matatu? Je, nimuache mnyapara afanye kazi yake, au nifanyeje?

Mjane, Ormsdale

*

Bi Annis, pole sana kwa msiba. Umeomba nifiche majina, na nimeyabadilisha ya watu na ya vijiji. La ng'ombe nimeliacha, yeye hashtaki.

Sasa tusemezane. Unataka kuvunja kiapo chako kwa mkono wa mtu mwingine halafu kanisani ukae mstari wa mbele. Umempamba ng'ombe kama bi harusi na farasi asiye na kosa umemtesa. Huyo mnyapara unayetaka kumchezea amechagua wanyama tangu ndevu zake hazijaota, akiona pembe zina mafuta na farasi ana miba atajua nyumba hiyo ina jambo, na jioni hiyo hiyo jambo lenyewe litakuwa kwenye kila kilabu cha bia cha wilaya. Dada yako Dorcas ni hodari wa kutoa shauri ambalo adhabu yake ataibeba mwingine.

Kuhusu Grizel, jibu lake nusu umeliandika mwenyewe bila kuliona. Rudi kwenye wosia uangalie amewekwa wapi. Nimesomewa wosia nyingi za wakulima, na mgonjwa huwaita watu wake kwa makundi: watoto, kisha watoto wa ubatizo, kisha waliomtumikia. Huyu mwanamke ametajwa baada ya kijana wa plau na kabla ya msichana wa kukamua. Mumeo alipokuwa anahema pale kitandani, alipofika kwa watumishi wake ndipo alipomkumbuka. Kwa hiyo nadhani aliwahi kula chakula cha nyumba hiyo kabla wewe hujavuka kizingiti chake. Na sufuria umeuliza vizuri. Mtu hamwachii mgeni sufuria bovu, humwachia mtu aliyekuwa akilipikia, anayejua mguu ule ulivunjika siku gani na ukaungwa na nani. Hata Ambrose anajua, ndiyo maana kidole chake kilikwenda moja kwa moja kwenye ule mguu.

Je, alikuwa mtumishi tu? Sijui, na sitakudanganya ili upate usingizi. Vijana wa nyumba na wasichana wa kazi hawajaanza leo. Lakini mwanamume mwenye la kuficha hamtaji mwanamke mbele ya karani na majirani wawili, tena kwa jina lake na la baba yake. Cuthbert alitaka lisikike. Alishindwa kukuambia wewe akiwa hai, na hilo ni kosa lake, nakuruhusu umnunie kaburini hadi Pasaka.

Fanya hivi. Leo hii, ukimaliza kusoma gazeti hili, mtoe farasi kwenye matope, mchane, mwite mfua chuma amtazame mguu. Damson mpe majani kama ng'ombe wengine. Mnyapara akija Alhamisi mwoneshe wote wawili mchana kweupe, ukae kimya. Akimchukua farasi, Miles atanung'unika kwa majira mawili ya kilimo kisha atazoea. Akimchukua Damson, kwa kuwa umemnenepesha wewe, usiniletee hadithi za bwana kachukua: ng'ombe atakayefuata kwa ubora ndiye wa Grizel.

Ijumaa nenda Tolby mwenyewe, ukimkokota ng'ombe kwa mkono wako na sufuria umelibeba. Usimtume Miles, atarudi na neno asante na hakuna zaidi, wanaume ndivyo walivyo. Dorcas abaki nyumbani. Nenda kabla theluji haijafunga njia. Ukifika, usianze maswali mlangoni kama hakimu. Mkabidhi kilicho chake, ukikaribishwa ukae, na kama unavyotaka kumjua yeye, jiandae naye akujue wewe. Yapo mambo ya ujana wa mumeo ambayo hutayapata kwa mtu mwingine yeyote, maana aliyeyaishi umemzika na Ambrose ameamua kushika mizani. Mtu pekee aliyebaki ni huyu unayemnyima ng'ombe.

Ila kabla ya yote hayo, mwambie taratibu kwamba Cuthbert amefariki. Wiki sita zimepita tangu mazishi, na katika barua yako yote sijaona mtu aliyekwenda kumpa habari.