Wiski ya Kabatini

Baba watoto,

Natumai u mzima huko kazini. Sisi hatujambo. Bomba la jikoni limetengenezwa, na cherehani yangu inakohoa vilevile.

Ile wiski yako adimu ya Kiskoti, uliyosema tutaifungua siku utakaporudi, nimeifungua. Usinune. Funda la kwanza lilikuwa moshi mtupu, kama nimelamba jiko la kuni. Machozi yakanitoka, nikausingizia moshi. Kisha ukaja utamu wa zabibu, taratibu, kama mgeni anayebisha hodi watu wameshachoka kumngoja. Muuza vinywaji anasema utamu huo ni wa mapipa ya divai, ndimo ilimomalizia kukomaa.

Nilikumiminia na wewe glasi. Nikaishia kuinywa mwenyewe.

Msalimie huyo dada anayepokea simu yako siku hizi. Ana sauti nzuri.

Uliniambia chupa hiyo kadiri inavyongoja ndivyo inavyozidi kunoga. Nilipomuuliza muuza vinywaji, alicheka. "Mama, wiski huzeeka ndani ya pipa tu. Ikishatiwa chupani, umri wake unasimama."

Wangu haukusimama.

Mimi,
mkeo.