Kuku wa Mama Hawajaisha

Makomeno, Lubumbashi
Tarehe 2 Julai 2024

Mpendwa Yaya Hortense, dada yangu mkubwa,

Mimi, mke wangu Edith na mwanetu Caleb tunakusalimu sana. Goti lako linasemaje na baridi hii? Na moyo je? Najua banda tupu linakuumiza kila asubuhi unapofungua mlango. Sisi huku ni wazima, ila nina kikohozi, nacho hakijanizuia kubishana na mtu.

Yale mayai ishirini na manne uliyotuma mwezi wa tano yalifika bila ufa, katikati ya samaki wakavu kwenye kikapu chako. Wiki moja baadaye ukanipigia simu: ugonjwa wa kideri umemaliza kuku wote hapo Pweto, hata jogoo wa shingo tupu. Basi ukoo mzima wa kuku wa marehemu mama ulibaki ndani ya sanduku langu la kuangulia mayai.

Sanduku lenyewe nililijenga kwa mikono yangu: mbao, balbu mbili, kipimajoto na sahani ya maji. Jirani yangu Rodrigue alisimama mlangoni akavuta pua, akacheka: « Bwana Rigobert, kuku eko na mama, haiko na mashini! Courant ikikatika, utatukulisha omelette ya samaki! »

Nilimjibu vizuri. Mtu anayekula mapaja ya kuku wa barafu yaliyovuka bahari, kisha anayaita maendeleo, hana haki ya kumcheka anayeangua wa kwake. Umeme ulikatika kweli, karibu kila siku. Nilichemsha maji kwenye mbabula ya makaa, nikajaza bidoni, nikazifunga kwa kitenge na kuzipanga kando ya mayai. Joto halikushuka. Mayai niliyageuza mara tatu kwa siku hadi siku ya kumi na nane, kama inavyotakiwa.

Sasa sikia kosa langu, maana sitaki ulisikie kwa mwingine. Siku yalipofika, mayai yalinuka samaki. Nikasema harufu itaita panya. Nikatwaa maji ya vuguvugu na sabuni, nikayaosha moja moja. Nilikuwa nimemaliza la kumi na tano Edith alipoingia.

« Papa Caleb, ile mayayi ni masahani? »

Akaninyang'anya tisa yaliyobaki. Nikamtolea hotuba ndefu juu ya usafi. Baadaye nikafungua kitabu changu cha ufugaji, na ukurasa wenyewe nilikuwa nimeupigia mstari zamani: ganda la yai lina utando unaozuia vijidudu; ukiuosha, umevifungulia mlango. Uliponipigia simu ukilia, Yaya, nilikuwa nimekwisha kuyaosha. Nikanyamaza. Nisamehe zaidi kwa kunyamaza kuliko kwa sabuni.

Matokeo ni haya. Katika kumi na tano yaliyooshwa, mengi yalioza, moja likapasuka na kutufukuza nyumbani, mawili yakaanguliwa. Katika tisa ya Edith, yameanguliwa saba. Vifaranga tisa, Yaya! Wanne wana shingo tupu, na mmoja anawapiga wenzake wote na kula wa kwanza. Huyo bila shaka ni jogoo, na ana tabia ya mama mwenyewe. Rodrigue amekuja kuwaangalia mara tatu. Hacheki tena, anaomba mayai.

Usiweke kuku mwingine bandani kwanza. Choma majani ya zamani, paka chokaa, acha pakae patupu. Mimi nitawachanja hapa, na mwezi wa tisa Mulenga atawaleta kwa lori lake. Waliosema ukoo huu umekwisha wajiandae kuamshwa na jogoo.

Wasalimie wote hapo nyumbani, Mwelwa, Mukuka na Plamedie. Mungu akulinde, aliponye goti lako, alijaze banda lako. Kuku watasafiri katika kikapu kile kile cha samaki. Usihofu: sijakiosha.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Rigobert