Ndoo Ng'ambo ya Kizingiti

3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Goti linasemaje? Mimi sijambo, ila miguu inawaka moto. Kulea watoto kumi wa miaka miwili hapa kituoni si mchezo, ingawa kutwa wanacheza.

Yupo mmoja tunamwita Bibie. Kwao habanduki mgongoni. Kati ya chumba chetu na uani pana kizingiti kirefu, na desturi yetu ni kwamba mtoto akikifikia habebwi. Mlezi huketi kando yake mpaka avuke mwenyewe. Bibie hukaa hapo akilia. Mama yake kanifokea, "Dada, nakulipa umbebe, si umtazame!" Msimamizi amenipa hadi mwisho wa mwezi: Bibie avuke, ama niondoke.

Binti yako

10 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti linalalamika kuliko mimi. Umesoma miaka yote ile ukaishie kushika watoto? Jirani akiniuliza kazi yako, huwa nakohoa.

Hata hivyo, miaka yangu yote ya ualimu sikupata kumwandikia mwanafunzi jibu. Usimbebe.

Baba yako

2 Aprili

Mwanangu,

U mzima? Mwezi umekwisha, nawe kimya. Kama wamekufukuza, chumba chako kimefagiliwa.

Baba yako

6 Aprili

Baba mpendwa,

Shikamoo, na pole kwa kukutia wasiwasi. Chumba kifunge, sirudi.

Siku ya mwisho niliweka beseni la maji uani, nikawagawia vindoo. Wenzake wakachota, wakamwaga, wakalowa chepechepe. Bibie akatazama weee! Mara akasukuma ndoo yake, ikabingirika hadi ng'ambo ya kizingiti. Akalala kifudifudi, akapitisha mguu mmoja, kisha wa pili, akaifuata. Akachota. "Imejaa!" Akamwaga. "Imeisha!" Tangu aje hatukuwahi kumsikia akitamka neno.

Jioni mama yake akanyoosha mikono amvushe. Bibie akampa ndoo: "Shika." Akavuka mwenyewe. Mama akabaki na ndoo mkononi. Kesho yake alimleta akitembea.

Binti yako

14 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mlangoni, kwa sauti. Goti nililisahau kabisa. Jirani akauliza, "Kwani huyu binti yako anafanya kazi gani?"

Sikukohoa.

Itazame bahasha vizuri. Mbele ya jina lako nimeandika "Mwalimu". Mleta barua akiuliza ni nani huyo, usimwelekeze kwa msimamizi.

Baba yako