Uzio wa Bwawa Tulioezekea Jiko la Msiba

Mshauri wangu mpendwa, pokea salamu kutoka Mbugani, Kyela, na naomba unisaidie kabla sijachanganyikiwa, kwa sababu ninapokuandikia hapa nina ndala moja ya mtoto kwenye droo ya kabati, chini ya vitenge vyangu, na hakuna anayejua iko hapo, hata mume wangu.

Mimi ni muuguzi, kwetu ni Bukoba, nililetwa huku kikazi nikaolewa na Tuntufye, mnunuzi wa kakao, na tuna mtoto mmoja, Lusungu, na tunaishi kwenye kiwanja cha familia yake, nyumba yetu mbele na ya mama mkwe nyuma kwenye migomba. Mwaka juzi mume wangu akaamua tujenge bwawa la kuogelea, mimi nikasema ziwa lipo, akanijibu, "Mama Lusungu, ziwa ni la kila mtu," basi tukapeleka michoro halmashauri, tukapewa kibali, na sharti moja lilikuwa limepigiwa mstari, kwamba bwawa lisitumike mpaka lizungushiwe uzio wenye geti linalojifunga lenyewe. Tuntufye akasema kama ni uzio basi uwe uzio wa heshima, akazungushia mabati kiwanja chote, marefu kuliko mtu, njia ya kwenda kwa mama ikakatika, na wenzake mama wa kwaya, ambao wamepita uani pale tangu sijazaliwa, ikabidi wagonge geti kama wageni. Mhandisi aliyekuja kukagua, Benedict, ni mtu wa kwetu Bukoba, alipima, akalisukuma geti likajifunga, akasema, "Dada Georgina, mngezungushia bwawa peke yake ingetosha, ila huu nao unapita," akasaini.

Mwezi wa nne mdogo wake mama mkwe akafariki na msiba ukawekwa kwetu, na wewe unajua msiba wa huku na mvua ya huku, watu wanakaa siku na siku na wapishi walikuwa wananyeshewa na vyungu vyao, wazee wakayaona mabati, Tuntufye mwenyewe akashika nyundo, na kufikia jioni uzio wetu ulikuwa paa la jiko. Msiba ulipokwisha nikasema turudishe, mama mkwe akanitazama akasema, "Watu mia tatu wameingia hapa kulia na mimi. Leo mnawafungia. Yupi kati yao mmemwona mwizi?" Tuntufye akainama kufunga kamba za viatu ambavyo vilikuwa vimeshafungwa, na paa likabaki jikoni mpaka leo. Kisha Benedict akanipigia simu anafunga faili, akauliza, "Dada, uzio wetu bado umesimama?" nikamjibu umesimama.

Jumamosi iliyopita, saa nne asubuhi, nikakuta ndala ndogo ya kijani inaelea katikati ya maji. Niliruka na sare yangu ya kazi, nikapapasa sakafu ya bwawa kona zote mpaka pumzi ikaniishia, hakuna mtu. Nikajifunga kitenge juu ya nguo zilizolowa, nikazunguka kwa majirani najifanya naomba chumvi, kumbe nahesabu watoto. Kwa Doreen ndipo nikamkuta bintiye Queen, miaka minne, anakula ndizi, mguu mmoja una ndala ya kijani na mwingine hauna kitu. Doreen akasema, "Mama Lusungu, mbona unachuruzika?" Nikasema bomba limepasuka. Akanipimia chumvi, nikasema ndaga, asante ya huku, nikaondoka.

Mshauri, nikirudisha uzio mama mkwe atasema mgeni wa Bukoba amemfungia ukoo, nikimwambia Benedict ukweli atafuta kibali na mume wangu atanilaumu, na kulimwaga bwawa hatuwezi, fundi alituonya kwamba hapa Kyela maji ya ardhini yako juu, bwawa likikaa tupu litainuliwa lipasuke, na hata tukilimwaga mvua italijaza tena. Nifanye nini?

Georgina (Mama Lusungu), Mbugani

JIBU

Georgina, barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimesimama.

Jema ulilofanya ni moja, nalo ni kubwa: uliruka. Wengi wangesimama ukingoni wakipiga kelele. Pole kwa dakika zile, sitaki hata kuzifikiria. Lakini ulipotoka majini ulianza kudanganya, na hujaacha.

Soma orodha yako ya hofu. Mama mkwe atasema, Benedict atafuta, mume atalaumu. Queen yuko wapi kwenye orodha hiyo? Umemweka kwenye habari ya chumvi. Wewe ni muuguzi. Mwenzako akiandika kwenye faili kwamba mgonjwa amepewa dawa ambayo hakupewa, unamwitaje? Basi jiite hivyo hivyo, kisha tuendelee.

Sasa mume wako. Tuntufye hakujenga uzio wa bwawa, alijenga uzio wa Tuntufye. Nimeichoka tabia hii: mtu akiuza kakao vizuri misimu miwili, anaanza kuwaficha jirani zake ua ambao walimsaidia kuufagia akiwa mtoto. Halmashauri iliwaambia mzuie watoto wasifike kwenye maji. Yeye akazuia kwaya. Na mhandisi aliwaambia wazi kwamba kuzungushia bwawa tu kunatosha! Umeyaandika maneno hayo kwa mkono wako mwenyewe ukayapita kama salamu. Miezi yote hii mnagombania uzio ambao hakuna aliyewadai.

Mama mkwe wako namtetea kuhusu njia yake. Kuhusu maji simtetei. Ua wake ulikuwa salama kuachwa wazi kwa sababu haukuwa na shimo lenye maji katikati. Siku za msiba palikuwa na watu mia tatu wa kumwona mtoto akisogea. Jumamosi ile hapakuwa na hata mmoja.

Fanya hivi. Leo, gazeti hili likiwa bado mkononi, ondoeni mabati jikoni, yazungusheni bwawa peke yake. Hayo ni ya kushikizia tu. Ndani ya wiki wekeni wavu wa chuma, mrefu, usio na mahali pa mtoto kukanyagia, unaopitisha macho ili bibi akiwa kibarazani ayaone maji. Geti lifungukie nje, lijifunge lenyewe, komeo liwe juu. Na kabla shimo la kwanza la nguzo halijachimbwa, mwite mama mkwe, mwambie, "Mama, tuonyeshe njia yako." Atembee kutoka barabarani mpaka mlangoni kwake, nguzo zikae mbali na nyayo zake. Hapo hutakuwa umemfungia ukoo wa mtu yeyote, na Tuntufye atakosa viatu vya kufunga.

Kesho asubuhi mpigie Benedict. Sema, "Nilikudanganya, uzio haukuwepo, njoo ukague upya." Atafoka. Mwache afoke, ameweka sahihi yake juu ya neno lako. Akisimamisha kibali, mtakiomba tena mkiwa na uzio wa kweli. Usimwite mtu wa kwetu katika mazungumzo hayo.

Limebaki moja, na hili usimtume mtu. Itoe ndala kwenye droo, nenda nayo kwa Doreen, na safari hii usiombe chochote. Mwambie uliipata wapi. Anaweza kukufukuza, na ana haki. Lakini wewe unajua, mimi najua, na sasa kila msomaji wa ukurasa huu anajua jambo ambalo mama wa mtoto hajui: binti yake anaijua njia ya kwenda kwenye yale maji.