Pleti Uliyoichomelea Pande Zote

Baba Asimwe,

Shikamoo niliyokuwa nakupa kila asubuhi kwa miaka kumi na tisa leo sikupi. Na kabla hujauliza kwa nini barua haina bahasha, nimempa dereva wa bodaboda anayekuja huko Murongo hivyohivyo, imekunjwa mara mbili tu. Nimemwambia asome akitaka, na wenzake kijiweni wasome pia. Wewe habari zangu umezimwaga karakana nzima. Umewaambia watu kwamba gari letu liliungua kwa sababu nilibeba dumu la petroli ya magendo. Hayo ya watu ningeyameza. Lakini ulimpigia Asimwe simu ukamwambia mama yake nusura amuunguze kwa tamaa, na mtoto akaamini. Mwaka mzima binti yangu wa kumzaa aliniangalia kwa jicho la pembeni. Ndiyo maana naandika.

Siku tulipolileta lile gari nyumbani naikumbuka kama wewe unavyoikumbuka, kama bado unazo kumbukumbu. Pikapu kuukuu, mlango mmoja haufungi. Tulitandika gunia tukalala chini yake wote wawili, unanionyesha kwa kidole: hii giaboksi, hii difu, hili bakuli la oili chini ya injini ndilo sampo, likitoboka umekwisha. Ulinifundisha kuendesha kwenye uwanja wa kanisa, umekaa pembeni umeshika breki ya mkono kwa mikono miwili. Nilikucheka mpaka nikazima injini. Wakati ule ulikuwa mwalimu mzuri, sikunyimi hilo.

Kisha sampo ikatoboka kweli. Natoka Kituntu na mikungu ya ndizi, jiwe likatokeza katikati ya barabara, nikasikia kitu kimegonga, na oili yote ikabaki njiani. Tulikubaliana kwamba gari haliendi tena huko bila kinga ya chuma chini ya injini. Hapo hatukugombana. Tuligombana juu ya namna ya kuifunga.

Ulipata pleti nzuri ya chuma, ya milimita sita, kutoka kwenye tangi la maji lililochakaa. Mimi nikakwambia tuifunge kwa bolti. Sita, nne, hata tatu, ilimradi ifunguke. Nikakuomba uitoboe matundu ya kutosha kuingiza vidole, maana barabara zetu unazijua. Mvua ikinyesha gari linazama bondeni, na watu wa huku wakija kusaidia hawaji na majembe, wanaingia kwenye kibanja kilicho karibu wanakata majani makavu ya mgomba na kubeba nyasi walizotandaza shambani, wanavisukumia chini ya tairi. Tairi zikizunguka, yale majani yanarushwa juu. Yataenda wapi kama juu ya pleti hakuna pa kutokea?

Nakumbuka ulivyonijibu. Ulikuwa umevaa ile miwani yako ya kuchomelea, hata hukuivua.

"Tundu ni udhaifu," ukasema. "Chuma kizima hakiulizwi swali."

"Nitakisafishaje?"

"Wewe kazi yako usukani. Chini ya gari niachie mwenyewe."

Nikanyamaza. Kosa hilo ni langu na sijampa mtu mwingine anibebee. Nilijua, na nikanyamaza kwa sababu vijana wa karakana walikuwa wanasikiliza na sikutaka kukuaibisha mbele yao. Ukaichomelea pleti kwenye chasisi pande zote, hukuacha hata nafasi ya kupitisha wembe. Uliacha kitundu kimoja tu cha bolti ya kumwagia oili, chembamba, kiasi kwamba kila tulipobadilisha oili nusu iliingia kwenye dumu na nusu ilibaki juu ya pleti. Nilipokuonyesha ukasema oili inazuia kutu. Halafu ukachukua fimbo ya kuchomelea ukaandika upande wa chini, herufi nene, kuanzia mbele kwenda nyuma: BABA ASIMWE. Ili fundi yeyote atakayeingia chini ya gari ajue kazi ni ya nani.

Basi kazi ilikuwa ya nani?

Masika ile tulizama bondeni sijui mara ngapi. Kila mara majani, kila mara nyasi. Kiangazi kikaingia, na yale yaliyokuwa yameloa yakakauka taratibu kwa joto la bomba la moshi, yamelowa oili yako inayozuia kutu. Siku ile tulikuwa na Asimwe, tumebeba kahawa ya jirani, tunapandisha kilima kabla ya Nyaishozi, jua liko utosini. Moshi ukatokea miguuni pangu. Nilimsukuma mtoto nje gari likiwa bado linatembea. Watu wakatoka mashambani na mapanga, wakakata migomba, wakawa wanatupa vigogo vyenye maji juu ya moto. Walishusha kahawa yote. Gari halikuwezekana, kwa sababu moto ulikuwa umekaa kwenye sufuria uliyoitengeneza wewe, na hakuna aliyeweza kuufikia, si kwa juu wala kwa chini.

Ulipofika na bodaboda sisi tulikuwa tumekaa ukingoni mwa barabara. Asimwe amechunika magoti, mimi mkono wangu wa kushoto umeungua mpaka kwenye kiwiko. Hukutuuliza. Ulilizunguka gari mara moja, ukainama, ukaona, na mimi nilikuona ukiona. Kisha ukasimama ukasema mbele za watu wote, "Alikuwa anakanyaga mafuta tu, kama kawaida yake."

Maneno hayo yaliniuma kuliko mkono.

Wiki mbili baadaye ulipakia mashine yako ya kuchomelea ukaenda zako huko Murongo mpakani. Na huko ndiko ulikoliokota hilo dumu la petroli. Unajua halikuwepo. Unajua kwa nini ulilihitaji.

Walipokuja watu wa chuma chakavu niliwauzia kila kitu isipokuwa pleti. Niliwaambia waikate pamoja na vipande vya chasisi, nikaiweka nyuma ya jiko na kuifunika bati, mvua isioshe kilichokuwa juu yake. Utaniuliza kwa nini sikumwonyesha mtoto siku hiyohiyo. Nilisubiri aniulize mwenyewe. Mimi nami nina kiburi changu, hukukipata peke yako.

Hakuuliza. Alikwenda chuo cha ufundi, akachagua kuchomelea, kazi yako. Akarudi miezi minne iliyopita akaniambia baba amemwita Murongo akafanye kazi kwake. Begi lilikuwa tayari limefungwa mlangoni. Nikamwambia, sawa mwanangu, ila nisaidie kwanza kuhamisha chuma kimoja, kizito, mgongo wangu hauwezi.

Tuliondoa bati. Yale majani yapo mpaka leo, Baba Asimwe, yameungua yakagandana na oili, meusi, lakini ukiyavunja unaona nyuzi za mgomba ndani. Asimwe alichuchumaa. Akapitisha kidole kwenye mshono wa kuchomelea, upande mmoja, wa pili, wa tatu, akarudi alipoanzia.

"Mama, ilikuwa inafunguka wapi?"

"Haikuwa inafunguka."

Akachokonoa lile donge, akanusa vidole. Alikaa chini palepale kwenye udongo na nguo zake za safari. Hakulia, na mimi sikusema neno juu yako, nakuapia. Kisha akaushika huu mkono wangu wa kushoto, akaukunjua kiwiko taratibu, akautazama kama hajawahi kuuona. "Nisamehe, mama," akasema. Nilikuwa nimemsamehe zamani, lakini nilitaka kuyasikia.

Begi aliliingiza ndani. Sasa naendesha pikapu ya mdogo wangu, na Asimwe ameikata pleti yako akaitengeneza upya kwa ajili yake. Imefungwa kwa bolti sita. Ina matundu mawili makubwa ya kusafishia na moja la oili, pana, dumu linakaa chini yake vizuri. Nikiwa na spana naishusha mwenyewe kabla chai haijapoa.

Nilimwambia achukue grenda afute yale maandishi yako. Akakataa. "Yaache yabaki chini," akasema, "mawe yatayashughulikia."

Kwa hiyo usije kumchukua, na usimpigie simu ya petroli tena. Akitaka kukutafuta atakutafuta mwenyewe, njia anaijua. Jumamosi nimetoka Kituntu, nikatandika gunia, nikalala chini ya gari peke yangu kuangalia. Mbele ndiko mawe yanakogonga kwanza. Neno BABA limesagika lote, pamebaki chuma kitupu. Kinachosomeka ni ASIMWE peke yake.

Mimi niliyekuwa mke wako,
Mama Asimwe