Springi Laini, Kemshafti ya Mbio

Jumanne, 3 Machi

Shemeji kaleta gari lake uani. Na furushi! Kemshafti ya mbio, ule mhimili unaosukuma valvu za injini zifunguke, kaiviringisha kwenye shuka la dada yake – mke wangu kanuna. Eti anataka gari lilie kama la mashindano. Nikamwuliza, na springi kali za kurudishia valvu? "Shem, springi si springi tu?" Ee Mungu, nipe subira.

Alhamisi, 5 Machi

Springi mpya kapata, muuzaji kamhakikishia zinafaa. Nikafunga, nikazungusha injini kwa spana, polepole. Ikagoma. Mapindo ya springi yanashikana kabla valvu haijafunguka yote! Ningelazimisha, ningevunja kitu. Nikasema turudishe kemshafti ya zamani. Kajikuna kisogo. Kaiuza! Basi nikarudishia springi za zamani, za kupimia tu, si za kuendeshea, huku tukitafuta zinazolingana na hii ya mbio. Ni laini mno hizi. Gari likienda taratibu, zinatii. Ukikanyaga mafuta, valvu inachelewa kurudi, pistoni inaikuta njiani. Hapo injini inakwama ghafla – na wewe uko katikati ya malori.

Ijumaa, 6 Machi

Springi hakuna. Nimezunguka maduka yote, miguu inawaka moto. Binti yangu anapiga pasi blauzi ya usaili. Jumatatu, kazi ya maabara, mji wa mbali. Nimemwombea.

Jumapili, 8 Machi

Nimetoka kusali, uani peupe. Gari halipo! Mke wangu anasema kaka yake kapita, kamchukua binti, afadhali kuliko kupigana vikumbo stendi. Lakini nilifunga kitambaa chekundu kwenye usukani! Kwetu mafundi hiyo ni usiwashe, kazi bado. Nikampigia. Kacheka. "Nimekiona, shem, nimefutia kioo, asante!" Nikamsihi, nenda mwendo wa kinyonga, mwanangu yumo humo. "Ondoa shaka, nalilea kama yai."

Alasiri simu ikalia. Binti. "Baba, mjomba anasema sikiliza linavyonguruma!" Akaitoa simu dirishani. Injini ikapanda, ikapanda – nikapiga kelele, punguza, punguza! Nani anisikie? Upepo tu. Kisha ndani ya ngurumo, ile sauti. Kama misumari inamwagwa kwenye bati. Springi zimezidiwa. Nikamsikia binti anacheka. Simu ikakatika.

Nimepiga, nimepiga. Haipatikani. Sala zinanitoka vipande vipande, naishia "Mungu wangu, Mungu wangu". Gari la kuwafuata sina, langu liko juu ya mawe. Mke wangu kauliza toka jikoni, wamefika? Nimemjibu bado. Anasema kwa injini ile uliyomtengenezea kaka yangu, hawakawii hao. Anangoja nicheke.