Mihogo Iliyopandwa Kichwa Chini

Baleni, Mafia

Mwanangu Mize,

Assalamu alaykum. Sisi alhamdulillahi, na mbuzi wa shangazi yako kazaa pacha. Naandika kwa sababu nikikupigia simu baba yako huketi ubavuni akisikiliza.

Nilimsimulia ile mashine yenu ya maabara inayozungusha miche iwe kama iko angani, isijue juu wala chini, mpate kuona inavyotaabika. Akacheka: "Kasoma kote huko, kumbe anaitia miche kizunguzungu!"

Basi sikia. Mwaka huu mihogo kaipanda kichwa chini, mstari mzima. Imeota, lakini machipukizi ni dhaifu, yamejikunja kutafuta juu. Miche yenu nayo hujikunja hivyo? Na baba yako ndiye aliyenifundisha kupanda! Nilipomwonyesha akayapapasa, kisha akasema, "Mtoto usimwambie."

Nuru ya macho inamwishia, mwanangu. Hospitali hataki, anasema ni kudra ya Mungu. Ni kudra kweli, lakini na dawa kaileta Yeye.

Wewe anakusikiliza. Mpigie, mkazanie aende. Akiuliza nani kakwambia, nitaje. Heri aninunie akiwa ananiona.

Mamako akuombeaye kila sala,
Zuena